Siku moja mtaroni Ngamiani

Saa kumi na moja alfajiri nimeshavaa kizibao na gambuti. Natokea Makorora kwa baiskeli, kama watu wengi wa Tanga. Saa kumi na mbili tunagawana barabara. Ngamiani zinaitwa kwa namba, kwa hiyo msimamizi hutaja namba tu na wewe unajua uchafu gani unakusubiri. Mpaka saa mbili ni fagio: mchanga, maganda ya machungwa, vifuko, basi.

Watu wakiniona huliona fagio. Kazi yenyewe iko mtaroni. Mbu anayeeneza sana matende na mabusha katika miji yetu ya pwani hupenda maji machafu yaliyotuama, ya vyooni na ya mitaroni, na kwa joto letu hili yai huwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja hadi siku kumi hivi. Maji yakitembea, kiluwiluwi hana makazi. Ndiyo maana kila kipande changu nakirudia kabla wiki haijaisha, hata kama kwa juu kinapendeza. Hilo hakunituma mtu. Msimamizi hukagua panapoonekana kutoka kwenye pikipiki.

Saa nne nilikuwa nimepandisha tope la kipande kirefu, nimeliweka kando lichuje maji. Nageuka kunywa maji, nasikia chubwi! Muuza madafu, mtu mzima wa kuamkiwa, anasukumia maganda mtaroni kwa mguu, moja moja, wala hana haraka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Babu, hapo nimetoka kuzibua sasa hivi."

"Si ndiyo kazi yako? Tusipotupa, utakula wapi?"

Wateja wake wakacheka. Nikamweleza habari ya mbu. Akasema mbu wapo tangu enzi za Mjerumani. Nikamwambia na matende pia. Akasema yeye neti anayo. "Na usiku barazani, babu, bao unalicheza ndani ya neti?" Hapo wale wale wakamgeukia yeye kumcheka, na nikajua nimeharibu, maana mzee akishachekwa mbele za watu hakubali tena neno. Nikaingia mtaroni nikayatoa mwenyewe. Yeye juu yangu, mikono nyuma, ananielekeza: "Na lile pale." Nikamwachia kiroba cha kuwekea maganda. Akakikalia.

Guta la kuzoa tope lilitakiwa saa sita. Likaja jua limeshahamia upande wa pili wa barabara, tope limekauka juu, chini bado uji, watoto wa shule wameshalikanyaga na kulisambaza. Beleshi upya. Mgongo nao una maneno yake.

Nyumbani naoga kwanza, halafu tunaosha mguu wa shangazi. Ulivimba kwa matende kabla sijazaliwa. Dawa za kingatiba zilizogawiwa mitaani huua minyoo michanga ya matende iliyo kwenye damu, lakini mguu ulioharibika miaka mingi haziurudishi ulivyokuwa. Kilichobaki ni maji na sabuni kila siku, kukausha vizuri katikati ya vidole, kisha auinue akiketi. Leo nilikuwa kimya, akaniuliza nina nini. Nikamsimulia ya babu wa madafu.

"Mlete hapa auone huu mguu. Wewe unaongea sana."

"Hawezi kuja, shangazi, ana biashara."

"Basi nipeleke mimi. Na dafu anipe bure."