Siku ya 28: siku yangu moja Kuala Lumpur

Kila nikipiga simu Unguja, hakosekani jamaa wa kuniambia, "Wewe huko unakula bata tu." Basi nimechagua siku moja, Jumatano iliyopita, niwasimulie ilivyokwenda.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Niliamka shuka imeninata mgongoni. Kuala Lumpur iko karibu zaidi na ikweta kuliko Unguja, tena haina upepo wa bahari. Joto la mchana linalala na wewe chumbani. Nikaoga, nikasali Alfajiri, na nje bado giza, maana jua la huku linachomoza saa moja. Kwenye flati yetu ya Wangsa Maju tunaishi wasichana wanne, na mambo ya zamu za kufagia na nani anunue gesi tunayamaliza saa hizo hizo, kwa minong'ono.

Siku yenyewe ilikuwa ya 28. Nasomea uhandisi wa ujenzi, mwaka wa mwisho, na kazi yangu ni zege. Zege hupimwa nguvu yake siku ya 28 tangu limwagwe, hicho ndicho kipimo kinachotumika duniani kote. Nilikuwa nimemwaga kyubu 12, yaani vipande vya zege vya umbo la dadu, za sentimita 15 kila upande, kila moja ina kilo nane hivi. Tatu ni za saruji tupu. Zilizobaki nimepunguza saruji kwa asilimia 10, 20 na 30, nikaweka majivu ya michikichi mahali pake. Malaysia ni ya pili duniani kwa mawese, baada ya Indonesia, na viwanda vyake huchoma nyuzi na maganda ya kokwa za mchikichi ili kupata mvuke. Majivu yanabaki marundo kwa marundo. Yakichekechwa na kusagwa mpaka yawe laini, yanashikana na ile chokaa inayojitenga saruji inapokutana na maji, na zege linazidi kukomaa. Kwetu mashamba makubwa ya michikichi hatuna, lakini pumba za mpunga tunazo, na majivu yake yanafanya kazi ya namna hiyo hiyo. Anayejua bei ya mfuko wa saruji ataelewa kwa nini nayashughulikia haya.

Saa moja na robo

Chini ya flati kuna mama anayeuza nasi lemak. Sote tunamwita makcik, kama sisi tunavyosema shangazi kwa mtu asiye ndugu. Ni wali wa nazi, ule ule wetu, na dagaa wa kukaanga, karanga, yai, tango na pilipili ya kupikwa, umefungwa kwenye karatasi. Huniuliza, "Apa khabar?" na sijawahi kuhitaji kamusi kuelewa kwamba ananiuliza habari. Meza wanaita meja, sabuni ni sabun, bendera ni bendera. Mwaka wa kwanza, nilipokuwa nalia usiku, maneno haya yalinishika mkono.

Treni yetu haina dereva. Inakwenda juu ya nguzo mpaka karibu na katikati ya mji, kisha inazama chini ya ardhi. Kituo cha KLCC watalii wanashuka kwenda kupiga picha minara ya Petronas. Mimi nikipita hapo nawaza kitu kimoja: minara ile ya mita 452, iliyokamilika 1998, imebebwa na nguzo na kiini cha zege. Walipokuwa wanajenga, fungu moja la zege lilifeli kipimo cha nguvu. Kazi ikasimamishwa, sakafu zilizokwisha mwagwa zikapimwa, na iliyokutwa na zege bovu ikabomolewa. Kipimo kilichowaokoa ni ndugu wa hiki ninachokwenda kukifanya mimi, na kibegi changu cha wali mkononi.

Saa tatu mpaka saa saba nilikuwa darasani. Mahudhurio yakishuka chini ya asilimia 80, kibali cha mwanafunzi kinaingia matatani, kwa hiyo naingia hata nikiwa na homa.

Saa nane

Maabara. Wiki mbili kabla nilijiandikisha kwenye daftari la zamu: mashine ya kuvunjia kyubu, saa nane hadi saa kumi, jina langu kwa wino wa buluu. Nikazitoa kyubu zangu kwenye tangi la maji moja moja, nikazipanga juu ya gunia. Kuinua kichwa, naona wanafunzi wanne wanapakia kyubu zao kwenye mashine. Hawakuandika popote. Mwalimu wao, walisema, amewaruhusu, na wana kyubu sita tu.

Nikamwonyesha fundi wa maabara daftari. Ni mtu wa makamo, mpole, tunamwita abang, kaka. Akalitazama, akawatazama wale, akaniambia, "Sekejap, dik." Subiri kidogo, mdogo wangu. Sekejap inaweza kuwa dakika mbili, inaweza kuwa mchana mzima.

Sasa, kyubu hupimwa ikiwa na unyevu wake. Ikikauka, kipimo kinadanganya. Kwa hiyo nikazirudisha zote 12 majini. Kilo 96, nimeinama, maji yakinichuruzikia mikononi mpaka viwikoni, na baibui nimelikunja kiunoni. Wale wanne walikuwa wakivunja moja, wanapiga picha, wanacheka, wanajadiliana, wanavunja nyingine. Kyubu moja haihitaji zaidi ya dakika moja hivi chini ya mashine. Sita zao zilikula saa moja na nusu.

Walipobakiwa na moja, nikaanza kuzitoa zangu tena. Ya tano ikiwa mikononi, radi ikapiga kama juu ya paa. Mvua za mchana za huku hazinyeshi, zinamwagwa. Umeme ukakatika, mashine ikazima na kyubu yao ikiwa katikati ya mzigo. Giza, kelele za mvua kwenye bati, harufu ya simenti mbichi. Nikasimama na ile kyubu kifuani kama mtoto. Kisha nikazirudisha tano zile majini.

Nililia? Nililia, kidogo, nimeelekea ukutani. Siku ya 28 haiahirishwi. Zikipita, narudia kumwaga, nangoja tena wiki nne, na tarehe ya kukabidhi kazi haitanisubiri.

Umeme uliporudi, maabara ilikuwa imebakiza nusu saa kufungwa. Wale wakamaliza yao wakaenda, wakaacha vipande sakafuni. Nikamwendea abang, nikamwambia kwa Kimalei changu cha kuungaunga: leo ni siku ya 28. Akatazama saa ya ukutani. "Sabar," akasema, na hilo halihitaji tafsiri. Akavaa glavu, akachukua ufagio, akafagia vipande vya wenzangu, akaniambia nilete ya kwanza.

Kuanzia hapo sikuitazama saa tena. Nafuta kyubu kwa kitambaa, napima uzito, nailaza kwa ubavu ili uso uliopigwa mwiko usikae chini ya bamba. Namba zinapanda: 200, 400, 600. Kwanza kimya. Halafu vimlio vidogo, kama kuni mbichi motoni, nyufa zinashuka pembeni, kingo zinabanduka, na kinachobaki katikati kina umbo la kinu, kiuno chembamba. Ikivunjika hivyo, imevunjika vizuri. Naandika. Nyingine.

Za asilimia 30 zilipasuka mapema, nikasikia baridi tumboni. Kila kyubu inapokatika hunijia Jumamosi ile ya Novemba 16, 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na watu wakafukiwa chini. Nilishinda na simu mkononi, mbali, sina la kufanya. Nikaandika namba ile kama ilivyo.

Tulipotoka, Magharibi ilikuwa karibu na abang alikuwa amechelewa kwake kwa ajili yangu. Hakutaka hata soda.

Treni ilijaa watu waliolowa. Kituoni Wangsa Maju nikanunua shokishoki, fungu moja. Mgongo ulikuwa unawaka na vidole vimekunjamana kwa maji. Nikala mkate, nikajaza jedwali, nikakokotoa mara mbili, kisha mara ya tatu kwa sababu sikuamini.

Saa nne usiku kwangu ni saa kumi na moja jioni Unguja. Mama akapokea.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, mama. Kyubu za asilimia kumi zimezishinda za saruji tupu."

"Zimezishinda nini?"

Nikajilaza, nikamweleza tangu mwanzo, tangu kwenye majivu, huku namenya shokishoki gizani ili nisiwaamshe wenzangu.