Umerudi Mwanza: mbwa kwanza, paa linafuata, rangi mwisho

Nyumba iliyokaa miaka mingi na mlinzi hukudanganya kwa rangi. Wengi wetu tunaorudi tunaanza na rangi na vigae, maana ndivyo vilivyokuwa vikija kwenye picha za simu. Mama mdogo aliyekuwa akisimamia hakukosea. Kamera haioni nyuma ya ukuta. Mbwa mzee aliyebaki naye anafungwa mnyororo mpaka mafundi wamalize. Hapo pote mpangilio umekaa kichwa chini miguu juu. Mbwa atibiwe kabla fundi hajaingia, paa lifuate, kisha maji ya ukutani, na rangi ingoje mpaka masika moja ipite.

Mbwa aliyekonda, asiyetaka kula, anayelala tu kivulini, usimpe dawa ya minyoo ukadhani umemaliza. Inua mdomo uangalie fizi. Zikiwa nyeupe au njano, damu imepungua, na huku kwetu mshukiwa wa kwanza ni kupe. Babesia, kimelea kinacholetwa na kupe, huvunja chembe nyekundu za damu: mkojo ukiwa mwekundu mweusi, usingoje kesho. Erlikia, bakteria anayeletwa na kupe pia, huenda polepole. Homa huja na kuondoka, madoa madogo ya damu hutokea tumboni, na wakati mwingine pua hutoka damu. Pua kavu haikuambii kitu. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, na hupimwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta, njia ya haja kubwa.

Daktari wa mifugo atoe damu aiangalie kwenye hadubini. Erlikia hutibiwa kwa doksisaikilini, kwa kawaida miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa siku 28, pamoja na chakula. Mbwa huchangamka ndani ya siku chache, na hapo ndipo watu huacha dozi, ugonjwa ukarudi. Kwenye babesia hatari kubwa ni kile kichupa cha sindano ya ng'ombe. Diminazini iliyomo humo hutumika pia kwa mbwa, lakini nafasi kati ya dozi inayotibu na inayoharibu ubongo ni ndogo, kwa hiyo uzito wa kukisia haufai. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha toa uzito wako. Diklofenaki, ibuprofeni na panadoli za nyumbani usimpe kabisa.

Sasa nyumba na mbwa vinakutana. Kupe wa mbwa wa kahawia haishi porini, anaishi kwako. Jike akishashiba hushuka, hupanda ukuta na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa, na kupe mzima hukaa miezi bila kula. Ukimwogesha mbwa ukaziacha nyufa, umefanya kazi ya bure. Fundi akibomoa lipu ya banda kabla hujapulizia dawa, anawatawanya hadi sebuleni. Nyufa zipuliziwe kwanza, ndipo nyundo ianze. Kwa mbwa mwenyewe, amitrazi (dawa ya kuua kupe) ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, anapakwa, anaachwa akauke bila kusuuzwa. Usiitumie kwa paka, kwa kitoto cha mbwa, wala kwa mbwa aliye hoi; huyo mtoe kupe kwa kibano mpaka apate nguvu. Na usimpeleke ziwani kumwogesha. Kichocho kitakupata wewe unayesimama majini.

Paa ni jambo fupi. Mpira wa msumari wa bati hukauka kwa jua na kupasuka, na tundu hupanuka. Kuugongelea upya hakusaidii. Ng'oa, weka skurubu nene zaidi yenye mpira mpya, juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde lake maji yanapopita. Papi, zile mbao zinazoshikilia bati, zichome kwa bisibisi. Inapozama kirahisi, mbao hiyo itoke. Bati kwa bati zilaliane walau sentimita 15. Kazi hii ni ya Juni hadi Agosti. Atakayekufungulia paa Novemba kwa bei ya chini atakulipisha dari.

Ukuta wa nyuma ndio unaomaliza hela za watu. Isamilo, Bugando au Igogo, nyumba imechongewa mlimani, na jabali halinywi maji: mvua huteleza juu yake mpaka inakutana na ukuta wako. Utaona unga mweupe wa chumvi na rangi yenye malengelenge, kuanzia sakafuni kwenda juu. Fundi atasema tubandue lipu, tupige nyingine, tupake rangi ya kuzuia maji. Masika ijayo itabanduka tena, kwa sababu maji bado yanasukuma kutoka upande wa pili.

Chimba mfereji nyuma ya nyumba, chini ya usawa wa sakafu lakini usifike chini ya kitako cha msingi, la sivyo nyumba itakaa vibaya. Laza bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yakitazama chini, likishuka sentimita 1 kila mita hadi nje ya kiwanja. Lifunike kwa kokoto, na juu ya kokoto kitambaa cha kuchujia ili tope lisizibe. Ukuta unaozuia udongo uwekewe vipande vya bomba la inchi 2 kila mita moja na nusu, maji yapate pa kutokea. Kisha bandua lipu yote yenye chumvi na uache tofali wazi majuma kadhaa. Fundi atalalamika kuwa unamchelewesha, mwache alalamike.

Lipu mpya: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa toroli mbili na nusu za mchanga. Mchanga upime kwenye chupa ya maji: tikisa, uache utulie hadi kesho yake, tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi, lori lirudi. Mwagilia siku 7, rangi isiguse kabla ya siku 28, na afadhali masika ile moja ipite kwanza.

Kazi inapoendelea mbwa asizurure. Saruji mbichi huunguza nyayo. Osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, usitie siki. Chupa ya dawa ya mchwa na pakiti ya sumu ya panya zihifadhi, maana daktari atauliza jina. Kutokwa mate na kutetemeka huanza upesi baada ya dawa nyingi za wadudu, lakini sumu za panya zinazozuia damu kuganda huonekana baada ya siku kadhaa, na tiba yake, vitamini K1, huchukua majuma.

Mapanki ya sangara, yale mabaki minofu ikishatolewa, ni chakula kizuri cha kumrudisha nyama, ila mifupa itoke kabla hujachanganya na ugali. Mpe kidogo mara tatu au nne kwa siku.

Banda lake lijengwe mwisho, mbali na ukuta wa nyumba, sakafu ya saruji yenye mteremko wa kutoa maji, na kuta zipigwe lipu laini ndani na nje, hasa kwenye kona na pale papi zinapokalia tofali.