Siku moja maishani mwangu: mimi na gugu maji

Nikisema natoa magugu ziwani, watu hujibu "aah, palizi". Sawa. Hii hapa palizi yangu ya jana Alhamisi, tangu nilipoamka mpaka nilipojitupa kitandani, ili siku mkinikuta mwaloni, pale boti na mitumbwi inapofikia nchi kavu, nimeloa hadi kifuani msinipite mkiziba pua.

Saa kumi na moja alfajiri. Uji, buti, panga, glavu zilizotoboka kidole gumba. Watoto nimewaachia chai kwenye chupa, nikatoka giza halijaisha.

Saa kumi na mbili nilikuwa mwaloni, huku kwetu Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria. Tunawahi kwa sababu ya upepo. Usiku nchi kavu inapoa kuliko ziwa, kwa hiyo upepo unavuma kutoka bara kwenda majini, na alfajiri unakuta maji yametulia, magugu yamesogea mbali kidogo. Jua likishapanda, kwenye saa nne au tano hivi, upepo unageuka. Sasa unatoka ziwani, na unakuja na kila kinachoelea. Tuna saa nne za kazi yenye maana. Baada ya hapo ni kubishana na upepo.

Tuko kumi na mmoja, wanawake saba na wanaume wanne, mitumbwi miwili. Mtumbwi unazungusha kamba nyuma ya zulia la magugu, sisi wa nchi kavu tunavuta, halafu tunaingia majini kuyabeba kwa mikono na reki. Hakuna kukatakata ovyo. Miche imeunganishwa kwa vikonyo, mama na watoto wake, na ukimvuta mama vizuri watoto wanamfuata. Ukimkata vibaya, kinachobaki majini kinaota upya. Na kuyasukuma yaende zake si kazi, ni kumpelekea jirani wa mwalo wa pili mzigo wako, naye kesho upepo utakurudishia na wa kwake juu.

Nimewahi kumpa mgeni mche mmoja aushike, akashangaa ulivyo mzuri. Ni mzuri kweli. Jani linang'aa kama limepakwa mafuta, bua limevimba kama kichupa na ndani yake kuna kitu kama sponji, ndilo boya lake. Ua la zambarau, na petali ya juu ina doa la njano. Ila ugeuze. Mizizi ni myeusi, mirefu, kama nywele zilizofumuliwa, imeshika tope na konokono wadogo wa kila aina. Miongoni mwa konokono hao wapo wanaobeba kichocho, na ndiyo maana vile vidonge vikubwa tunavijua ladha yake.

Na ukitazama jani kwa makini utaona vidoa vyeupe, kama mtu amelikwangua kwa ukucha. Nikiviona huwa nafurahi. Ni kazi ya mbawakawa mdogo mwenye mdomo mrefu, ukimwona utadhani fukusi wa mahindi. Gugu maji asili yake Amerika ya Kusini, na huyu mdudu asili yake hukohuko. Hapa ziwani gugu lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na mengi yaliteremka na Mto Kagera. Mdudu akaachiwa miaka ya 1990 ili alile, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 magugu yalikuwa yamepungua sana. Wazee wa mwaloni wanadhani yaliisha. Hayakuisha, mbegu zake zinalala kwenye tope miaka 15 na zaidi. Maji taka na mbolea za mashambani zikiteremka na mvua, gugu linashiba, na likishiba linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili. Mdudu anakula, lakini kasi hiyo haifikii.

Saa mbili hadi saa nne: kuvuta, kubeba, kumwaga juu kabisa, mbali na maji. Hekta moja iliyosongamana inaweza kupita tani 200, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito huo ni maji. Yaani tunabeba ziwa kulitoa ziwani.

Saa tano na robo upepo uligeuka, na siku yangu ikaharibika.

Zulia lililokuwa limelala kwenye rasi tangu Jumatatu lilikuja zima zima, kubwa kama uwanja wa mpira, likajaza pale tulipokuwa tumesafisha asubuhi. Na kabla yake, kwa bahati mbaya, lilikuwa limetanguliwa na boti. Mfanyabiashara wa sangara kutoka visiwani, samaki kwenye barafu, gari linamsubiri juu. Akazingirwa hatua kama sitini hivi kutoka nchi kavu, akasimama kwenye ncha ya boti.

"Nyie akina mama! Si mnalipwa nyie? Fungueni njia!"

(Tunalipwa, ndiyo. Ya mwezi uliopita bado iko njiani.)

Mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima, hana haraka na mtu. Akamjibu, "Baba, shikamoo yangu utaipokea ukifika. Zima mashine, tunakuja."

Akawasha mashine.

Ilinguruma kama mara tatu hivi, ikakohoa, ikanyamaza. Pangaboi lilikuwa limesokota mizizi na kipande cha nyavu kuukuu. Hapo sasa boti haiendi mbele wala nyuma, barafu inayeyuka, na mwenye boti anapiga simu kwa watu anaowajua, kana kwamba kuna mkubwa anayeweza kuliamuru gugu.

Kupasua njia kwenye zulia lililobanana ni kazi ya kichaa. Unakata pande mbili kwa panga, unafunga kamba kwenye kipande, walio nchi kavu wanavuta, "harambee! hee!", kipande kinatoka. Ukigeuka, pengo limezibwa na lililokuwa jirani yake. Tulijifungia mlango nyuma yetu hivyo sijui mara ngapi. Mwishowe vijana wakachomeka milunda mistari miwili ili ishike kingo, na ndipo mfereji ukaanza kukaa mfereji. Mimi nililala kifudifudi kwenye mtumbwi, mkono majini hadi begani, kisu kidogo cha jikoni, nachomoa mizizi kwenye pangaboi unyuzi kwa unyuzi. Dogo mmoja akapiga ukelele, "Nyoka!" Nusura nianguke. Kumbe kamba ya nyavu. Nyoka tunawaona, lakini wa jana alikuwa wa nailoni.

Mwenye boti muda wote huo ananisimamia. "Dada, kwa nini msimwage sumu tu yaishe?" Nikamuuliza sisi na watoto wetu tunachota wapi maji. Akanyamaza kidogo. "Basi kwa nini msiyachome?" Nikaendelea kuchomoa mizizi.

Alipogusa nchi kavu ilikuwa imeshapita saa saba. Alisema tumemchelewesha. Kisha akatoa elfu tano tugawane watu kumi na mmoja. Mwenyekiti akaipokea kwa mikono miwili, akaagiza maji ya kunywa. Jamaa akaondoka na namba yangu, eti awe ananiuliza hali ya njia kabla ya kuja.

Mchana uliobaki siukumbuki kwa mpangilio. Tulikula ugali na dagaa tukiwa tumesimama, maana ukikaa mgongo haukubali kuinuka. Kuna mzee alikuja na toroli kuchukua yaliyokauka akachanganye na samadi, ya migomba yake. Yaliyotolewa jirani na mifereji ya mjini hatumpi mtu kulishia mifugo, gugu hili linafyonza hata metali nzito. Kuna wakati niliona kati ya magugu vile vijani vidogo vyenye vinyweleo, salvinia, jingine hilo, nalo la Amerika ya Kusini. Mdudu wetu haligusi. Niliita wenzangu tukaliokota lote kwa chujio la dagaa, hapo mgongo ukakataa rasmi.

Jioni nilipanda daladala, konda akaniambia nisimame karibu na mlango. Abiria wawili walikuwa wanapitisha simu, picha waliyopiga kutoka Daraja la JP Magufuli, lile la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Maji yote kijani, maua ya zambarau. "Ziwa limependeza," mmoja akasema. Sikusema neno, nilikuwa najikuna shingo na viwiko vinavyowasha.

Nimeoga mara mbili. Saa tatu usiku simu ikaita, namba ngeni.

"Dada, mashine imepona. Narudi kesho na mzigo, nitafika kama saa saba. Njia itakuwepo?"

Nikamwambia aje kabla ya saa nne, upepo haujageuka.

"Sasa upepo unahusika vipi hapo?"

Nikamwambia tutaongea akifika, nikazima simu.