Mahabusu Aliyedaiwa Kuigiza

Mwaka 2017 nilikuwa muuguzi katika zahanati ya gereza moja la mkoani, Tanzania Bara. Asubuhi moja askari wawili walimleta mahabusu aliyepokelewa siku chache kabla, wakimshika mabega kwa kuwa miguu haikumbeba vyema. "Sista, huyu anaigiza," alisema afande aliyekuwa zamu, "kesho ana kesi." Hakusema jambo geni, maana wapo wanaougua kila siku ya mahakama inapokaribia; ila hilo hujulikana baada ya kupima, si kabla.

Mapigo ya moyo yalikuwa 128 kwa dakika, shati lilikuwa limelowa jasho ilhali chumba kilikuwa na ubaridi, na vidole vyake viliendelea kutetemeka hata nilipovishika. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na sukari ilikuwa ya kawaida.

Nilimwomba afande asimame mlangoni, mahali ambapo angemwona mgonjwa bila kumsikia, naye akakubali kwa shingo upande. Kupata nafasi hiyo gerezani ni kazi kuliko kuchoma sindano, kwa sababu mbele ya askari hakuna mahabusu atakayekiri kunywa gongo, pombe iliyopigwa marufuku. Sikumwuliza kama ni mlevi. "Kaka, asubuhi ulikuwa unaanza na nini?" Akautazama mlango, kisha akanong'ona, "Gongo, sista. Kabla ya chai." Tangu akamatwe hakuwa ameonja. Halafu akaniomba nimfukuze paka aliyekuwa chini ya meza, na chini ya meza hapakuwa na paka.

Mwili uliozoea pombe kila siku, ukiikosa ghafla, unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha ukafuata mkanganyiko wa akili unaoweza kuua. Kwa afande sikutaja gongo. "Afande, huyu anaweza kufa usiku wa leo akiwa mikononi mwetu. Naomba gari na wasindikizaji hadi hospitali ya wilaya, sasa hivi." Kifo cha mahabusu huandikiwa maelezo, na hilo alilielewa upesi kuliko jina lolote la ugonjwa. Akauliza nani atasaini. Nikasaini mimi, kwa kuwa hata Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinauacha uamuzi wa tiba kwa wataalamu wa afya.

Daktari aliagiza kwa simu diazepamu, dawa ya kutuliza na kuzuia degedege, pamoja na vitamini B1, nikampa kabla gari halijaondoka. Habari ya gongo niliiandika kwenye barua ya rufaa, nikaifunga kwa gundi, kwani ingesafiri mfukoni mwa askari.