Moshi wa Igombe

Juzi asubuhi nilikwenda Igombe, Mwanza, kununua sangara, nikiwa na mwanangu. Mama mmoja alikuwa amewasha moto wa kubanika samaki kando ya mitumbwi, na moshi wake ulipanda wima, haukuinama huku wala kule. Ziwa lilikuwa limetulia tuli. Nilisimama nikiutazama mpaka mwanangu akanivuta mkono: "Baba, kwani kuna nini pale?" Nikamwambia twende.

Kwa Mjomba, moshi wa namna ile ulikuwa na maana moja tu: piga sasa.

Kila mwaka, siku chache kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa Julai mosi, alikuwa akinichukua twende kulenga shabaha. Bunduki ndani ya mfuko wake, risasi kwenye sanduku lake peke yake, leseni kwenye mfuko wa shati, na mkeka wa ukindu nyuma ya gari. Uwanja tulioruhusiwa kuutumia ulikuwa upande wa Magu, na Mjomba aliupenda kwa sababu ya tuta. Kwetu mawe yako kila upande, na asiyejua atadhani jiwe kubwa kama nyumba ndiyo kinga nzuri nyuma ya shabaha. Risasi ikigonga jiwe hujui itaelekea wapi. Tuta la udongo linaimeza.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya risasi aina ya .30-06, kitako chake kimeng'aa pale shavu lake lilipolala miaka yote. Risasi ya grein 180, yaani gramu 12 hivi, hutoka kwenye mtutu wa aina hiyo kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde. Ukisikia hivyo unadhani inanyooka kama rula. Mjomba aliipima igonge katikati kwa mita 200. Ikifika mita 300 imeshashuka kama sentimita 25, na upepo wa ubavuni, hata ule wa kutikisa majani tu, unaweza kuisukuma karibu shubiri nzima. "Ni kitu kimerushwa," alikuwa akiniambia, "kama jiwe la manati."

Ndiyo maana alisoma upepo kuliko alivyosoma kitu kingine chochote. Usiku ardhi hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapanda unageuka, unatoka ziwani kuja kwetu. Katikati ya hapo, mnamo saa tatu asubuhi, kuna kipindi kifupi hewa inasimama. Mjomba alikuwa akikisubiri hicho kipindi amelala kifudifudi kwenye mkeka, bunduki juu ya mfuko wa mchanga, macho kwenye kaya moja iliyokuwa mbali upande wa kushoto, ambako kila asubuhi palipikwa uji. Moshi wa jiko lile ukisimama, anaingiza risasi.

Porini hakumpiga mnyama aliyezidi mita 200. Mita 300 ilikuwa ya uwanjani tu, ili mia mbili aione karibu. Kuna swala pala aliyemjeruhi kabla mimi sijazaliwa. Aliifuata damu mpaka giza likaingia, kesho yake akarudi akaifuata tena mpaka ikakatika kwenye majani. Habari hiyo alinisimulia mara moja maishani. Lakini duara alilochora kwenye kila karatasi lilikuwa la sentimita 15, na alisema humo ndimo ulimo moyo na mapafu, nje yake ni kumtesa kiumbe wa Mungu.

Kazi yangu ilikuwa kumsomea. Nakaa kushoto kwake na darubini ya miguu mitatu, yeye anapiga, halafu anasema neno moja, "Nisomee," nami namwambia ilipogonga. Hatukutaja upande kwa namba za uso wa saa kama wafanyavyo wanajeshi, maana saa tatu yetu mshale uko kwenye tisa, tungepotezana. Kulia, kushoto, juu, chini, na idadi ya vidole. Nilianza kazi hiyo nikiwa darasa la sita na sikuwahi kumdanganya hata kidole kimoja.

Mwaka 2016 mambo yalianza kuharibika kwenye mita 100. Matundu matatu yalitapakaa upana wa ngumi, wakati mwaka uliotangulia ungeyafunika kwa sarafu ya mia tano. Akasema mtutu mchafu, akausugua. Mita 200, mbili ndani, moja nje. Nilimsomea zote kama zilivyokuwa. Akafumba jicho la kulia, akalifikicha kwa kifundo cha kidole, akasema twende mia tatu.

Tukangoja. Moshi wa ile kaya ulikuwa umeinama kuelekea ziwani, ukawa unanyanyuka taratibu, ukasimama. Nikasikia akivuta pumzi, akaitoa nusu, akaizuia. Jogoo aliwika mahali. Mlio ulipopasuka, mimi nilikuwa nimetoa macho kwenye lenzi, na nikaona vumbi linaruka kwenye tuta, kushoto, nje kabisa ya ubao. Sauti yake ilitufikia baadaye kidogo: pu. Risasi ikigonga ubao husikika ko. Miaka yote ile nilikuwa nimesikia ko.

"Nisomee."

Ningeweza kusema ilivyo. Maneno yalikuwa mdomoni: kushoto, nje ya ubao, Mjomba. Nikamwangalia mkono wake juu ya bolti ya bunduki, mishipa imetuna, mkono ulionifundisha kushika jembe na kufunga ndoano.

"Kushoto kidogo," nikasema. "Upepo."

Hakujibu. Akapiga ya pili. Pu. Palepale kushoto, na juu zaidi.

"Nisomee."

"Upepo tena, Mjomba."

Ndipo alipoinua shavu kutoka kwenye kitako. Hakunitazama mimi. Aligeuza shingo kushoto, akakaza macho, akautafuta ule moshi. Sijui kama aliuona. Labda aliona weupe tu. Mimi niliuona vizuri, umesimama wima kama nguzo ya umeme, na nilitamani mwenye jiko amwagie maji. Alikaa hivyo kwa muda niliouona mrefu mno. Kisha akafungua bolti, akatoa risasi zilizobaki moja moja, akazipanga kwenye sanduku lake kila moja kwenye tundu lake, akizipapasa kwa kidole gumba kutafuta mahali pa kuziweka.

"Mpwa wangu," akasema, "kunja mkeka."

Mengine yalikwenda haraka. Daktari alikuta mtoto wa jicho, jicho la kulia, jicho la kulengea. Alifanyiwa upasuaji kabla mwaka haujaisha, na akapona vizuri, akawa ananisomea namba za magari yaliyo ng'ambo ya barabara. Nikadhani msimu unaofuata tutarudi uwanjani. Hakuomba kibali tena. Bunduki aliisalimisha polisi, akarudi nyumbani na karatasi, akaiweka ndani ya Biblia.

Niliwahi kumuuliza sababu, tukiwa tunachunga wote kule Misungwi. Akasema, "Tuseme uko porini, swala amesimama, na mimi nakuuliza upepo…" Hakumalizia. Akapiga mluzi kumrudisha ndama, akaniuliza kama Mwanza mvua imenyesha.

Kutoka Igombe juzi tulipitiliza hadi kwake na sangara wawili. Mwanangu alimwamkia, akapakatwa, akaulizwa habari za shule. Shangazi akakaanga. Jiko lipo nje, na Mjomba aliketi akiuangalia moshi, nami nikauangalia. Ulikuwa mchana, upepo wa ziwani ulishaingia, na moshi wote ulikuwa unatujia usoni. Nilitaka kusema kitu. Shangazi akaleta maji ya kunawa.