Nilivyoshuka chini ya mikwaju 90 baada ya kuacha kusikiliza kila mtu

Mcheza gofu mbovu hakosi walimu. Ukiupiga mpira ukaenda pembeni, kabla haujatua washatokea watatu: wa kwanza atakwambia umeinua kichwa, wa pili goti limelegea, na wa tatu, ambaye yeye mwenyewe jana alitoka na mikwaju 120, atataka ushike fimbo vingine kabisa. Nimekaa na walimu hao miaka, na miaka yote hiyo kadi yangu ilisoma mikwaju mia na kitu, kwenye mchezo ambao mwenye michache ndiye bora. Kitu chenyewe kilikuwa kikubwa. Sasa natoka na themanini na kitu, si kila Jumamosi, lakini mara za kutosha hata nimeanza kuombwa ushauri mimi, jambo ambalo linanipendeza mno. Basi nautoa.

Nachezea Mombasa, kile kiwanja cha mashimo tisa kando ya Mama Ngina Drive. Ukitaka mchezo kamili wa mashimo 18 unazunguka mara mbili. Mgeni kutoka bara akikitazama kwa mara ya kwanza hutabasamu, akaona leo atajichumia alama za bure. Halafu upepo wa baharini humkuta, tabasamu likaisha.

Ushauri ulionitesa kuliko wote ni ule wa "kichwa chini." Niliutii kikamilifu. Kidevu nilikibana kifuani, macho nikayakaza kwenye nyasi, nikawa napiga na kubaki vile vile nimeinama hadi kedi, yule mbeba mkoba wa fimbo, aseme tayari. Shingo ilikakamaa, mke wangu akawa ananisugua mafuta ya karafuu kila Jumapili huku akiniuliza mchezo gani huu wa kuumia bila kukimbia. Lakini shingo ilikuwa hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba sikuona hata mpira mmoja ulikoelekea. Wenzangu wanazungumza mambo ya makontena yao, kedi anafuatilia mipira ya watu wawili, mimi nimeinama. "Umeenda wapi?" "Kule." Kule wapi? Na tangu kanuni zibadilishwe 2019, muda wa kutafuta mpira ni dakika 3 tu, si 5 kama zamani. Dakika 3 vichakani hazitoshi hata kumaliza kulaumiana. Usipouona, unaongezewa mkwaju wa adhabu na unarudi ulikopigia, huku kundi la nyuma limeshika viuno.

Siku moja nilimaliza mipira yote niliyokuja nayo. Nikaanza kununua kwa vijana wanaookota, na wallahi mmoja aliniuzia mpira wangu mwenyewe, wenye alama yangu ya wino wa kijani, nilioupoteza saa moja kabla. Nikaulipia. Bei yake, kusema kweli, ilikuwa ya haki.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba kidevu kikibanwa kifuani, bega halina njia ya kupita. Mwili unakwama, mikono inabaki kufanya kazi peke yake, na mpira unaguswa kipara unabingirika hatua chache. Mwalimu akiona hivyo anasema tena umeinua kichwa, nawe unakibana zaidi. Siku hizi nainua kidevu kidogo, bega lipite chini yake, na nikishapiga nageuka kuuangalia mpira wangu kama binadamu wengine. Hilo peke yake liliniokolea mipira mingapi, sihesabu.

Balaa la pili nililinunua kwa pesa zangu. Jamaa mmoja aliyekuwa akihamia bara alikuwa na draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, kichwa chake kikubwa, nusu mpya, akanishawishi kwamba kinachonikosesha ni umbali. Nilitoa karibu nusu ya mshahara wa mwezi. Mke wangu nilimwambia robo. Ilikuwa msimu wa kusi, ule upepo unaotutawala kuanzia kama Aprili hadi Septemba hivi, na tuna shimo moja ambalo wakati huo unacheza ukiwa umeuelekea usoni. Jamaa akaniambia: kwenye upepo, ongeza nguvu. Nikaongeza. Nilizungusha fimbo mpaka kofia ikanidondoka. Mpira ukaondoka vizuri, chini, umenyooka, nikaanza kujivuna. Kisha ukaanza kupanda. Ukapanda kama tiara, ukasimama angani, tukawa tunautazama wote na yule kedi, halafu ukarudi nyuma kidogo na kuanguka mahali ambapo ningeweza kuufikisha kwa fimbo namba nane, ambayo ni ya karibu (namba ikipanda, umbali unapungua). Nikarudia shimo lililofuata. Na lililofuata. Mimi si mtu wa kukata tamaa upesi, na siku ile huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu.

Aliyenitibu ni kedi mmoja wa makamo, tunayemwita ami. Hakunifundisha namna ya kuzungusha fimbo. Alichukua draiva mkononi mwangu bila kuomba ruhusa, akaivisha soksi yake, akaitia mkobani, akanipa namba tano. "Mwanangu, shika chini zaidi. Mpira urudishe kuelekea mguu wa kulia. Piga taratibu, mikono iishie kifuani, isiende juu." Nikasema, ami, taratibu na upepo huu? Akanyamaza akinisubiri. Nikapiga. Mpira ukaenda chini chini, ukatua, ukabingirika, ukapita pale draiva ilipokuwa inafia. Sababu yake si uchawi: ukipiga kwa nguvu unauongezea mpira mzunguko wa kurudi nyuma, na mzunguko huo ukikutana na upepo wa mbele ndio unaouinua. Ukipiga kwa upole kwa fimbo yenye nguvu zaidi, mzunguko unapungua, mpira unapita chini ya matata. Kaskazi ikifika kuanzia Desemba shimo lile lile linageuka, upepo uko mgongoni, na hapo shida ni kuusimamisha. Unautua mapema, kabla ya grini, zile nyasi fupi zenye shimo, uingie wenyewe.

Draiva nikaiacha nyumbani msimu mzima. Wakanicheka. Kanuni zinakuruhusu fimbo 14, mimi nikawa natembea na saba au nane, na kedi akanipenda kwa uzito wa mkoba kama si kwa mchezo.

Sasa nije kwenye ujanja wangu, na huu ni wangu hasa. Mhispania Seve Ballesteros, yule aliyeshinda Kenya Open kule Muthaiga mwaka 1978, utotoni alijifunzia ufuoni kijijini kwao Pedreña, kwa fimbo moja tu, namba tatu. Nikajiuliza: mimi mtu wa Mombasa, ufuo ninao bure, nalipa ada ya mazoezi ya nini? Nikawa natazama jedwali la maji, na yakipwa alfajiri naenda Nyali na fimbo namba saba, bila mpira hata mmoja. Mpira usiupeleke ufuoni, kuna watu wanakimbia na watoto wanaoga.

Unachora mstari mchangani kwa kisigino, mrefu, pale mchanga ulipo na unyevu na umeshikana. Unasimama mstari ukiwa kati ya miguu, mahali ambapo mpira ungekaa, unazungusha fimbo, halafu unaangalia kovu. Kovu lianzie kwenye mstari na liende mbele, upande wa unakolenga. Yangu yalianza nyuma ya mstari, karibu shubiri nzima! Moja baada ya jingine, ufuo mzima umechubuka nyuma ya mstari. Ina maana miaka yote nilikuwa napiga ardhi kwanza, mpira baadaye, na kwenye kiwanja sikuona kwa sababu nyasi zinaficha. Mchanga hauna adabu hiyo.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akivuta ngalawa alisimama muda akinitazama. Akauliza, "Shekhe, wachimba chambo?" Nikamwambia nafanya mazoezi ya gofu. Akatikisa kichwa, akasema kwa chambo ningeenda kule kwenye matope, hapa hakuna kitu. Kesho yake akaniuliza tena kama nimepata.

Dawa ya kovu ilikuwa kuhamishia uzito mguu wa kushoto kabla mikono haijashuka. Nilijaribu mambo mengi lakini hilo ndilo lililosogeza makovu mbele, na likikosewa mchanga unakuonyesha papo hapo. Maji yakijaa yanafuta kila kitu, unaanza upya. Ukifika nyumbani ioshe fimbo kwa maji baridi na uikaushe, chumvi haina huruma na chuma.

Kupigilia mpira shimoni sikuwa nimekufikiria hata kidogo, maana hakuna anayejisifu kwa hilo baada ya mchezo. Nilipoanza kuandika pembeni mwa kadi kila mkwaju wa pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, nikaona karibu nusu ya mikwaju yangu yote inaishia pale kwenye nyasi fupi. Nusu! Na mimi nilikuwa nimenunua draiva. Nyumbani tuna ukumbi mwembamba. Nikaweka kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, nikawa nalenga kila usiku. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, kikombe kile hakifiki hata nusu. Baada ya wiki kadhaa shimo la kiwanjani linaonekana karai. Jirani wa chini alikuja kuulizia kelele, tukapatana mwisho saa tatu usiku. Za mbali usilenge kuingiza, lenga tu mkwaju wa pili uwe rahisi. Na bendera iache shimoni ukitaka, tangu 2019 si kosa.

Ukiwa nje kidogo ya grini, achana na kuurusha juu. Ami ananipa namba nane, nausukuma ubingirike. Haupendezi kutazamwa. Kadi haina sehemu ya kuandika uzuri.

Jambo jingine linaloniudhi ni wale wanaokwambia usiwasilishe kadi mbaya. Huu mfumo wa dunia wa handikapu, yaani mikwaju unayopunguziwa kulingana na uwezo wako, ulioanza 2020 unachukua matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho, kwa hiyo siku moja ya aibu haikuui. Wasilisha zote. Anayeficha kadi anajidanganya mwenyewe, na anayeficha kadi nzuri ili ashinde zawadi ya mwisho wa mwezi, huyo tunamjua na tunamwangalia tu.

Siku niliyotoka na 89 sikupiga mkwaju hata mmoja wa kusimulia. Kwenye mashimo mawili ya "par" nne, yaani yanayotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne, nilianza kwa namba tano, na mwenzangu akawa ananisikitikia kwa sauti. Alimaliza na 97.

Banka, ile mitego ya mchanga kiwanjani, bado zinanishinda, najua ni ajabu kwa mtu anayeshinda ufuoni. Ami anasema mchanga wa kupwa umeshikana na wa banka ni mkavu, fimbo inaingia tofauti, hivyo nimeanza kusogea juu zaidi, karibu na wauza madafu, ulipo mchanga mlegevu. Huko unatakiwa kuupiga mchanga kabla ya mpira, yaani kile kile nilichotumia miezi kujifunza kuacha.

Draiva ipo, safi, na soksi yake. Anayeitaka tuzungumze. Bei ni ile niliyomwambia mke wangu.