Steringi anaweza kufa? Ndivyo ninavyochagua Star Wars za pembeni

Zile tisa kubwa za Star Wars, muvi za vita vya angani, tumezimaliza. Tulianza na ya 1977 tukaishia na ya 2019, kwa mpangilio wa zilivyotoka, kwenye televisheni ndogo iliyo juu ya kabati la vitambaa ofisini kwangu Kaloleni, Arusha, katikati ya msimu wa sare za shule. Binti ninayemfundisha kushona ndiye aliyeniingiza kwenye haya mambo. Mimi nilikuwa mtu wa tamthilia za Kituruki, nimetulia zangu. Sasa anataka na zile za pembeni, zenye hadithi zilizo kando ya zile tisa, na zipo nyingi kuliko nilivyodhani, ikabidi tuchague.

Mdogo wangu aliye Dodoma hana msaada. "Dada, angalia zote, zinaungana." Kwake yeye hata The Clone Wars, ile katuni ya televisheni yenye sizoni saba na vipande 133, ni lazima. Vipande 133, na mimi nina foleni ya sketi za marinda, wazazi wanapiga simu tangu asubuhi! Kijana anayetujazia muvi kwenye flash, kule karibu na soko la Kilombero, anachukua jero kwa kila moja. Jero siyo tatizo. Tatizo ni saa mbili na zaidi ambazo binti anaangalia juu ya kabati badala ya kuangalia sindano inapopita.

Sisi wa vibanda vya video tumekua na sheria moja: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atasukumwa mtoni na gari lake, mwisho ataibuka tu. Kwenye muvi ya kawaida sheria hiyo haiudhi kwa sababu unajisahaulisha. Kwenye muvi ya pembeni inayorudi nyuma ya ile kubwa, huwezi kujisahaulisha. Mtu huyo umeshamwona ana mvi, anahangaika na mtoto wake mkubwa. Basi akining'inia kwenye treni juu ya korongo, wewe unaendelea kupima kiuno cha mteja, wala roho haikudundi.

Kwa hiyo kabla sijatoa jero ninauliza kitu kimoja: humo ndani kuna mtu ambaye sijui kama atarudi nyumbani? Sijali imepata hela kiasi gani, wala kama inaungana na nyingine.

Kwa kipimo hicho, Rogue One ya 2016 ndiyo iliyotangulia, na hapa ninamwaga kila kitu, kwa hiyo kama hujaiona kaiangalie kwanza. Imetoka kwenye sentensi moja. Ile ya 1977 inaanza na maandishi ya njano yanayopanda angani, na ndani yake kuna wapelelezi wa waasi walioiba michoro ya silaha kuu ya Dola, yaani utawala wanaopigana nao. Ndiyo hivyo tu, wapelelezi hawatajwi majina, na hadithi inaendelea na watu wengine. John Knoll, mtaalamu wa picha za kompyuta ambaye alishafanya kazi kwenye Star Wars nyingine, ndiye aliyekuja na wazo la kuwatengenezea wale wapelelezi muvi yao, na Gareth Edwards akaiongoza. Faida yake unaiona papo hapo: Jyn Erso, steringi wa kike, hujawahi kumwona popote. Cassian Andor, mpelelezi mwenzake, hujawahi kumwona. Kwa nini hawaonekani kwenye zile nyingine? Hilo swali linakukaa kooni muvi nzima.

Na ilijibu swali ambalo mteja mmoja aliwahi kutuuliza akiwa amesimama anasubiri vifungo: silaha ya ukubwa wa mwezi inalipukaje kwa bomu dogo kupitia kijitundu? Jibu ni baba yake Jyn, Galen, injinia aliyelazimishwa kuijenga. Aliacha udhaifu makusudi. Ni kama fundi anayemshonea suruali bosi asiyelipa, akaacha mshono wa nyuma umeshikwa na uzi mmoja, akasubiri siku bosi atakapoinama mbele za watu.

Lakini mimi nilikamatwa mapema zaidi, dakika za mwanzo kabisa. Mkubwa wa Dola anaitwa Krennic, anakuja kumchukua Galen shambani. Shamba ni la udongo mweusi tititi, majani yameloa, anga ni kijivu (palipigwa picha Iceland), na huyu bwana anatembea juu yake na sare nyeupe pamoja na joho jeupe, lile lisilo na mikono la kutupia mabegani, limefika chini karibu na visigino. Linapepea nyuma yake na upindo hauna hata tone la tope. Niliirudisha sehemu ile ili niutazame upindo. Kitambaa kizito, kimekatwa vizuri, kinaanguka chenyewe bila kuvutwa. Nikajiuliza nani anafua. Mtu anayevaa nyeupe kwenda shambani kwa mtu anakwambia kabisa kwamba kuna wengine wa kuchafuka kwa ajili yake, na hapo hata hajafungua mdomo.

Halafu mwisho. Pwani ya sayari ya Scarif, minazi na maji ya bluu ya Maldives, na wanakwisha mmoja baada ya mwingine. Roboti K-2SO anaondoka wa kwanza, amesimama mlangoni anawazuia maaskari. Kisha wenzao Chirrut, Bodhi, Baze. Mpaka hapo binti alikuwa anasema, "Dada, Jyn na Cassian watapona, lazima ije meli." Meli haikuja. Wamekumbatiana mchangani na mwanga wa ile silaha unakuja. Alikuwa anafumua mshono kwa wembe, akauweka wembe mezani, akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeutuma. Wote wamekufa, steringi wote, na michoro imefika. Ile ya 1977 inaanza karibu hapo hapo, kwa hiyo siku iliyofuata aliomba tuirudie, na safari hii wakati wanazungumzia michoro hakucheza na simu.

Ndiyo maana nasema Rogue One iangaliwe baada ya ile ya 1977, hata kama kwenye hadithi inatangulia. Ukianza nayo, Leia, yule binti mfalme wa ile ya 1977, anapokabidhiwa kadi yenye michoro ni msichana tu aliyegeuka. Ukiwa umeshamjua, unajua imefika kwa nani.

Kitu kimoja sikukipenda. Peter Cushing, aliyecheza Tarkin, mkubwa mwingine wa Dola, mwaka 1977, alifariki 1994. Humu wamemrudisha: mwigizaji mwingine, Guy Henry, ndiye anayetembea na kuongea, na sura ya marehemu imepakwa juu yake kwa kompyuta. Mdomo unatembea vizuri, macho hayapo. Mama mmoja mteja wangu alipoambiwa mtu yule alishazikwa miaka mingi alijifunika na khanga yake akasema marehemu aachwe. Na mimi naona wangempa mwigizaji aliye hai, wakambandika masharubu, yakaisha.

Jambo la mwisho kuhusu hiyo: msichukue iliyotafsiriwa. Mtafsiri ana kipaji, anachekesha, lakini sauti yake inaifunika ya K-2SO, na yule roboti ni maneno yake. Anasema ukweli wakati watu wanataka kudanganywa kidogo. Ukimzima unabaki na chuma kirefu tu.

Solo, ya 2018, ni kinyume chake. Hiyo chukua iliyotafsiriwa, itakusaidia. Han Solo tunamjua toka zile tisa, Chewbacca, yule wa manyoya, tunamjua, Lando tunamjua, na ndege yao tunajua itabaki kwa nani. Wasiwasi unabaki kwa Qi'ra, mpenzi wa Han, peke yake, na Qi'ra wanamwacha njiani bila kutuambia alikoishia. Waongozaji wa kwanza, Phil Lord na Chris Miller, waliondolewa upigaji picha ukiwa umeshakwenda mbali, akaletwa Ron Howard, na mimi nadhani ndiyo sababu haina haraka ya kwenda popote. Dunia nzima ilikusanya chini ya dola milioni 400, wakati Rogue One ilivuka bilioni.

Kuna sehemu Han anajiandikisha jeshini, anaulizwa watu wake ni akina nani. Anasema hana. Karani anafikiri kidogo, anamwandikia Solo, mchezo umeisha. Hapa Arusha karani asingekuachia hivyo! Angekuuliza baba yako wa wapi, mama yako wa ukoo gani, na shangazi yako aliolewa kwa nani, mpaka wapatikane.

Ila nisiwadanganye, Solo nimeirudia peke yangu, kwa sababu ya Donald Glover aliyecheza Lando. Ana chumba kizima cha majoho ndani ya ndege. Chumba kizima! Qi'ra anaingia anajaribu moja, na mimi nikasogea kwenye televisheni kutafuta bitana. Mwanaume anayejua bitana ni kitu, huyo ni mteja. (Kwenye Return of the Jedi ya 1983, rubani msaidizi wa Lando, yule mwenye mashavu yaliyoanguka, anaongea Kikuyu. Sauti ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi wa Kenya. Mteja wangu wa ng'ambo ya Namanga alikuwa anajaribu gauni nyuma ya pazia, akatoka nalo halijafungwa zipu kuuliza nani kaongea.)

Halafu karibu na mwisho wa Solo anatokea Maul, yule adui ambaye mwaka 1999 tulimwona anakatwa vipande viwili. Binti alipiga kelele. Aliponaje imeelezwa kwenye ile katuni ya vipande 133, na hapo ndipo mdogo wangu alipocheka sana kwenye simu.

Zilizobaki nazipitia upesi. The Clone Wars ya sinema, 2008, ni vipande vya mwanzo vya katuni ya televisheni vilivyounganishwa, na vinaonekana vilivyounganishwa. Lakini kwa kipimo changu ina kitu: Ahsoka, yule binti mwanafunzi wa Anakin, kwenye ile ya 2005 hayupo kabisa. Yuko wapi? Tukipata nafasi. Ile Holiday Special ya 1978, familia ya Chewbacca inanguruma muda mrefu bila tafsiri, hapana.

Zile mbili za Ewok, vile viumbe vidogo vya manyoya, 1984 na 1985, zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni, nilizichukua kwa ajili ya watoto wanaoletwa kupimwa sare. Ya kwanza, Caravan of Courage, inafaa: watoto wawili wanawatafuta wazazi wao waliochukuliwa na jitu, wanawapata. Ya pili inaanza na wazazi hao hao kuuawa, na kaka naye, kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Kipimo changu imekifaulu kuliko nilivyotaka. Niliizima, mtoto wa darasa la pili akaniuliza mama yao yuko wapi, nikamwambia anyooshe mikono nipime mabega.

Sasa tunabishana juu ya Andor, ya televisheni, sizoni mbili, 2022 na 2025. Inarudi nyuma ya Rogue One, ni maisha ya Cassian. Nilimwambia mdogo wangu hiyo nimeikataa, Cassian najua mwisho wake. Akanijibu, "Dada, kujua atapona na kujua atakufa ni kitu kimoja?" Sikuwa na la kumjibu, na siku nzima nilikuwa napiga pasi huku nalifikiria. Halafu akaongeza kwamba Cassian ana mama aliyemlea, na kwenye Rogue One huyo mama hatajwi.

Ni vipande 24. Kijana wa flash anataka elfu tano kwa zote. Nimemwambia elfu tatu, na suruali yake ya kupunguza miguu nitamfanyia bure.